Pete Inayozima Moto: uchambuzi wa laana ndogo iliyovuruga vikao vinne

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mhusika mmoja amevaa pete. Moto ulio karibu naye unazimika. Laana yote ni hiyo. Haimpunguzii nguvu, haimtoi damu, haibadilishi namba hata moja kwenye karatasi yake. Msimamizi wa mchezo, yaani anayesimulia kisa na kuamua kanuni, ndiye aliyeitunga, na aliiona kama kiungo cha kuongezea ladha, kitu cha kuwashangaza wachezaji mara moja au mbili ndani ya pango. Kufikia kikao cha tatu mji mzima umefunga malango, wahusika wawili wako mahabusu, na wachezaji wamekasirika kwa haki.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa juu ya kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, ili kila hesabu iweze kukaguliwa na yeyote mwenye kanuni hizo mkononi. Anayecheza mchezo mwingine wa jamii hii atabadilisha namba, lakini tatizo litamfuata kwa njia zile zile.

Kundi na pete yenyewe

Wahusika ni wanne, wote wa ngazi ya tatu. Mpiganaji haoni gizani. Mnyemelezi, ambaye ndiye msemaji wa kundi, naye haoni gizani. Kasisi na mchawi wana macho ya gizani yanayofika futi 60. Kasisi anajua pia ule uchawi mdogo wa kutia nuru kwenye kitu: mwanga mkali wa futi 20, na mwanga hafifu wa futi 20 zaidi, kwa saa 1, bure, mara nyingi atakavyo. Msomaji alishike hilo la nuru, kwa sababu ndilo lililoificha laana kaburini.

Pete ilikuwa kwenye chumba cha kwanza cha kaburi. Chambo chake kilikuwa kizuri: anayefungamana nayo, yaani anayejiunga nayo ili nguvu zake zimtumikie, hupata nusu tu ya madhara ya moto. Mchawi aliichunguza kwa uchawi wa kutambua vitu, akaona faida hiyo na hakuona kingine. Hapo hakuna aliyekosea. Kanuni zinasema wazi kwamba njia nyingi za kutambua vitu, ukiwemo uchawi huo, haziifichui laana. Mpiganaji akaketi pumziko fupi la saa 1, akafungamana nayo, na nafasi moja kati ya tatu alizo nazo za kufungamana na vitu ikajaa.

Kwenye daftari la msimamizi laana iliandikwa kwa maneno tisa: "Moto wowote ulio karibu na mvaaji huzimika. Pete haivuliki."

Maneno hayo tisa ndiyo mzizi wa karibu kila kilichofuata, na tutayarudia.

Kikao cha kwanza: dalili ambayo hakuna angeiona

Mwenge wa kawaida huwaka saa 1. Pumziko fupi nalo ni saa 1. Kundi liliwasha mwenge, likaketi, mpiganaji akamaliza kufungamana, na papo hapo mwenge ukazimika. Wachezaji wakafanya hesabu ambayo mtu yeyote makini angeifanya: saa imekwisha, mwenge umekwisha. Wakauwasha wa pili. Mzunguko mmoja wa zamu ni sekunde 6, na baada ya sekunde hizo sita ukazimika pia. Msimamizi akasema kaburi lina unyevu na upepo unapita kwenye nyufa. Alidhani anajenga hali ya mahali. Kwa kweli aliwapa wachezaji maelezo ya uongo, na kwa kuwa yalitoka kinywani mwake, waliyaamini.

Akatazama umakini wa kudumu wa kila mhusika, yaani namba ya kile anachokitambua bila kutupa dadu, huku kichwani ameweka kizingiti, yaani namba ya kufikiwa, cha 12 ili mtu agundue kwamba moto unazimika kwa namna isiyo ya kawaida. Kasisi ana 15, mchawi ana 13. Kwa kutazama juu juu, wote wawili wanapita. Ila mwenge umekwisha kuzimika. Mwenye macho ya gizani huliona giza totoro kama mwanga hafifu, na katika mwanga hafifu umakini unaotegemea macho hushuka kwa 5. Kasisi akawa na 10, mchawi 8. Wale wawili wasioona gizani hawakuwa hata na la kuhesabu. Dalili ilijifuta yenyewe kwa kutokea.

Kasisi akatia nuru kwenye ngao yake, na kaburi lote lililobaki likapitwa bila mwali hata mmoja. Nuru hiyo si moto, kwa hiyo laana haikuigusa. Msimamizi akaondoka mezani akiamini kwamba laana yake ni hafifu kupita kiasi, tena akapanga kuiongezea makali. Alikuwa ameipima mahali pekee ambapo kundi hili halihitaji moto.

Kikao cha pili: usiku mlimani

Kilichofuata ni safari ya kuvuka mlima wenye theluji. Hapa kanuni za baridi kali zinaingia. Joto likifika 0 kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani takribani nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, kila aliye nje hutupa dadu ya kujinusuru kwa uthabiti wa mwili kila saa inapokwisha, kizingiti 10. Akishindwa anapata kiwango kimoja cha uchovu. Aliyevaa mavazi mazito ya baridi hufaulu bila kutupa dadu. Moto wa kambi hautajwi, ila ni jambo la kawaida msimamizi kuamua kwamba aliyelala kando ya moto mzuri hayuko "nje", na kundi hili lilizoea hivyo. Ndiyo maana halikununua makoti. Lilibeba kuni.

Wakapiga kambi, wote wanne wakauzunguka moto, na ukazimika. Wakauwasha, ukazimika. Mnyemelezi akaulizia upepo. Msimamizi, akiilinda siri yake, akakubali kwamba upo.

Sasa hesabu. Tuchukue mhusika mwenye nyongeza ya 2 juu ya dadu yake. Anahitaji 8 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 65. Kwa saa moja si mbaya. Kwa saa nane mfululizo, nafasi ya kupita bila kiwango hata kimoja cha uchovu ni kama asilimia 3, na kwa wastani ataamka na viwango 3 hivi. Kiwango cha kwanza kinamfanya atupe kwa hasara majaribio yote ya uwezo: dadu mbili, ndogo ndiyo inayohesabiwa. Cha pili kinakata mwendo wake nusu. Cha tatu kinaweka hasara kwenye mashambulizi na majaribio ya kujinusuru. Cha sita ni kifo. Wahusika wenye afya kamili, ambao hakuna adui aliyewanyooshea hata kidole, walikuwa nusu ya njia kuelekea kaburini kwa sababu ya pete iliyotungwa kuchangamsha kikao.

Msimamizi akaliona hilo baada ya saa ya pili, akapunguza majaribio: moja kwa kila saa nne. Uamuzi mzuri, ila ulikuja na shimo jingine. Pumziko refu huondoa kiwango kimoja cha uchovu, kwa sharti kwamba mhusika amekula na kunywa. Viriba vyao vilikuwa vimeganda. Theluji ilikuwa tele pande zote, lakini hapakuwa na moto wa kuiyeyusha. Kwa hiyo aliyepata uchovu usiku alibaki nao asubuhi. Mnyemelezi alishindwa mara moja. Akashuka mlimani na kiwango kimoja.

Mchezaji wake hakuvaa pete. Wala hakuulizwa kama anataka laana. Laana nyingi ndogo zina tabia hii: mmoja anaivaa, kundi zima linailipia. Adhabu ya kupunguza 1 kwenye mashambulizi ya mvaaji inabadilisha matokeo mara moja kwa kila mitupo 20, tena ni matokeo yake mwenyewe. Pete hii haina adhabu kwenye karatasi ya mtu yeyote, ila imegusa mwanga, joto, maji na usingizi wa watu wanne.

Kikao cha tatu: moto wa hekalu

Mjini, kundi lilikaribishwa rasmi. Katikati ya hekalu kuna bakuli la shaba lenye upana wa futi 3, na ndani yake moto ambao, kwa mapokeo ya mji huo, haujazimika tangu jiwe la kwanza la ukuta lilipowekwa. Mikataba ya mji na majirani huapiwa mbele yake. Wageni husogea hadi ngazi ya mwisho na kutaja majina yao.

Msimamizi alichora ukumbi kwa miraba ya futi 5. Ngazi ya mwisho iko miraba miwili kutoka bakuli. Mpiganaji akapanda, akataja jina, na moto ukazimika.

Mnyemelezi akasimama kuokoa hali. Ana nyongeza ya 5 katika ushawishi, kizingiti kiliwekwa 13, kwa hiyo katika siku ya kawaida angefaulu kwa asilimia 65. Lakini ana kile kiwango kimoja cha uchovu cha mlimani. Dadu mbili, ndogo ndiyo inayohesabiwa: asilimia 42. Alishindwa. Walinzi wakamkamata yeye na mpiganaji, na malango yakafungwa.

Kwa upande wa hadithi, huu ni mnyororo mzuri sana. Pete imezima kambi, kambi imeleta uchovu, uchovu umeharibu maneno, maneno yameleta pingu. Kila kiungo cha mnyororo kinafuata kile kilichotangulia bila kulazimishwa. Kilichoharibu ladha ni kwamba wachezaji hawakuwa na habari. Kama wangejua kwamba mwenzao huzima moto na bado wakaamua apande ngazi zile, ingekuwa tukio la kukumbukwa: mmoja angependekeza abaki mlangoni, mwingine angesema kukataa heshima ni matusi, na wangebishana hadi wafikie uamuzi wao wenyewe. Kwa kutojua, waliona wametegwa. Na kweli walikuwa wametegwa, kwani mara mbili moto ulizimika na mara mbili wakaambiwa kwamba ni upepo.

Kikao cha nne: laana inageuka silaha

Hapo sasa wachezaji wakajua. Na mchezaji hodari akishajua laana inafanya nini, swali lake la kwanza ni jinsi ya kuitumia. Hiyo ni akili nzuri na isizuiwe.

Mpiganaji alitolewa mahabusu ili apambane na kiumbe wa moto mtupu aliyezuka kwenye tanuri la wahunzi, kama njia ya kusafisha jina lake. Kiumbe huyo ana uhai wa wastani wa pointi 102 na kiwango cha changamoto cha 5. Kwa kundi la ngazi ya tatu ni pambano la kufa na kupona. Mpiganaji akamsogelea na kusema: "Moto wowote ulio karibu na mvaaji huzimika." Alikuwa anasoma maandishi ya msimamizi mwenyewe, neno kwa neno.

Meza ikasimama kwa nusu saa. Je, kiumbe ni moto? Karibu ni futi ngapi? Mchawi akirusha mshale wa moto ukapita begani kwa mpiganaji, utafika? Joka likipuliza? Nyumba ikiungua, mpiganaji anapita katikati kama mtu anayetembea bustanini? Kila jibu la "hapana" lilisikika kama kuzuia, kila jibu la "ndiyo" lilifuta pambano zima.

Turudi basi kwenye yale maneno tisa. "Moto" hauna ukubwa wala aina. "Karibu" haina kipimo. "Huzimika" haisemi lini, wala kama unaweza kuwashwa tena. "Wowote" ndilo neno baya kuliko yote, kwa sababu linafuta kila ubaguzi ambao msimamizi angependa kuuweka baadaye. Laana ndogo inahitaji maandishi makali kuliko laana kubwa. Laana ya kumgeuza mtu jiwe haina ubishi: ni jiwe. Ile inayogusa kitu cha kila siku itakutana na hali mia ambazo mtunzi hakuziwaza.

Kadi mpya

Maandishi yaliyorekebishwa ni haya:

"Mwisho wa kila zamu ya mvaaji, kila mwali usio wa kichawi ulio ndani ya futi 10 kutoka kwake, usiozidi upana wa futi 5, na usiotengwa naye kwa ukuta au sakafu, huzimika na makaa yake hupoa. Unaweza kuwashwa tena. Kiumbe hai si mwali. Nje ya mapambano, hesabu zamu moja kwa kila sekunde 6."

"Mwisho wa zamu" unamaliza ubishi wa moto wa kupita: pumzi ya joka na mshale wa mchawi huja na kwisha kabla laana haijapata nafasi. "Usio wa kichawi" unafanya kazi hiyo hiyo kwa mara ya pili, na pia unalinda kitu kimoja muhimu. Upo uchawi wa daraja la pili unaowasha mwali wa kudumu. Unagharimu vumbi la yakuti nyekundu la sarafu 50 za dhahabu, na kanuni zake zinatamka kwamba mwali huo hauwezi kuzimwa. Bila neno hilo kwenye kadi, maandishi mawili yangegongana, na kasisi wa ngazi ya tatu ana uwezo kamili wa kuuleta mgongano huo mezani.

Futi 5 za upana zinaziacha nyumba zinazoungua ziendelee kuungua, ila bakuli la hekalu bado limo. Kuhusu ukuta na sakafu, wengi husahau kwamba futi 10 ni pande zote, juu na chini pia. Mpiganaji akilala ghorofani, meko ya nyumba ya wageni iko chini yake kabisa, na bila kifungu hicho jikoni kungekuwa na kelele kila usiku.

Mafuta ya kulipuka yanayotengenezwa na wataalamu wa dawa si ya kichawi, kwa hiyo yakimwangukia mwenzake aliye ndani ya futi 10, yanazimika mwisho wa zamu ya mpiganaji. Hiyo ni faida. Iachwe. Laana ndogo yenye tone la manufaa hukaa kwenye hadithi muda mrefu, kwa sababu mchezaji anaanza kuiona ni yake.

Dalili zitolewe bila dadu

Dalili tatu zinatosha, na hakuna hata moja inayopaswa kusubiri mtupo. Ya kwanza iwe ya kushangaza tu: mishumaa mitatu mezani, mpiganaji anasogea kuchukua ramani, yote inazimika. Ya pili imtaje mtu: mtoto wa mwenye nyumba ya wageni anasema kwamba kila huyu bwana akipita, taa inakufa. Ya tatu iweze kupimwa, yaani mahali ambapo wachezaji wanaweza kurudi nyuma hatua mbili na kuona moto unabaki. Baada ya hapo watapima wenyewe. Watachukua kamba, watafunga mafundo, watapata futi 10 kamili. Dakika hizo za kupima ni kati ya zile tamu zaidi ambazo laana kama hii inaweza kuleta mezani.

Na mchezaji akiuliza kama kuna upepo, aambiwe ukweli: hakuna upepo.

Pia mchezaji wa mpiganaji alipaswa kuulizwa kando, kabla ya kikao, kama yuko tayari kubeba laana itakayowasumbua wenzake. Swali hilo halifichui chochote. Kwa laana zinazomchukulia mchezaji maamuzi ya mhusika wake, kama kumlazimisha aibe au aseme maneno fulani, swali hilo ni la lazima kabisa.

Mlango wa kutokea

Msimamizi alifikiri mlango upo: uchawi wa kuondoa laana. Tuupime. Ni wa daraja la tatu, na kasisi hupata uchawi wa daraja hilo akifika ngazi ya tano. Ngazi ya tatu huanza na pointi 900 za uzoefu, ya tano na pointi 6,500. Kila mhusika anahitaji pointi 5,600 zaidi. Hiyo ni safari ndefu. Na hata wakifika, uchawi huo hauifuti laana iliyo ndani ya kitu cha kichawi. Unavunja tu kufungamana, mvaaji akaweza kuivua. Pete inabaki vile vile ilivyokuwa, tayari kwa kidole kingine.

Njia ya pili ni kumwomba mwenye ngazi ya juu. Katika mji huu mwenye uwezo huo ni kuhani mkuu wa hekalu, yule yule ambaye moto wake umezimwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo milango yote miwili imefungwa, na hakuna aliyekusudia.

Suluhisho la mji lipatikane kwanza. Malango yasifunguliwe kwa mtupo mmoja wa bahati. Moto wa aina hii katika mji wowote huwa umegawanywa: nyumba fulani iliwasha taa yake kutoka bakuli lile siku ya sikukuu na haijaizima tangu hapo. Taa hiyo ikipatikana na kuletwa, moto ni ule ule, mapokeo hayajakatika. Kundi lipewe hadi kengele ya alfajiri. Mnyemelezi na mpiganaji wako ndani, kwa hiyo kasisi na mchawi ndio wanaozunguka mjini kuuliza nani ana taa ya zamani, nani anasema kweli, nani anataka malipo. Fanusi yenye kifuniko hutoa mwanga mkali wa futi 30 na hukaa saa 6 kwa painti moja ya mafuta, hivyo kuna muda wa kutosha wa kuisafirisha. Mpiganaji awekwe mbali na njia ya taa hiyo, na hilo nalo ni tatizo zuri la kupanga: askari wanaotaka kumleta ashuhudie watalileta janga la pili.

Kwa pete yenyewe, sababu ya laana itoe njia ya kuimaliza. Mwenye kaburi alikuwa mlinzi wa moto wa ishara mlimani. Usiku mmoja alijaza taa mafuta, akaitegemea, akalala. Taa ikafa, na watu waliokuwa wakiitazama wakapotea njia. Kutokana na habari hiyo, sharti linajitunga lenyewe: pete italegea pale mvaaji na wenzake watakapokesha kwa zamu na moto unaolishwa kwa mkono, kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza, bila kuzimika.

Hapa msimamizi awe macho, maana wachezaji watatafuta njia ya mkato. Fanusi mbili za mafuta zinamaliza saa 12 bila jasho. Ule mwali wa kudumu wa sarafu 50 unamaliza bila hata mafuta. Vyote viwili vikataliwe, na sababu iwe ndani ya hadithi: kuutegemea mwanga usiohitaji mlinzi ndilo kosa lililoizaa pete. Wakipewa habari hiyo mapema, mahali fulani kaburini au kutoka kwa mzee mjini, hawatahisi wamezuiwa.

Saa 12 zigawanywe zamu nne za saa 3. Pumziko refu ni saa 8, na kukesha kunaruhusiwa saa 2 tu ndani yake. Wa zamu ya kwanza na ya mwisho wana saa 9 mfululizo za kupumzika. Wale wawili wa katikati usingizi wao unakatwa vipande, na wataamka bila faida za pumziko refu. Wachezaji wenyewe waamue nani ajitoe.

Zamu ya mpiganaji ndiyo ngumu. Hawezi kusogea ndani ya futi 10, kwa hiyo anarusha kuni kutoka futi 15, kila saa jaribio moja la wepesi, kizingiti 12. Akikosa, lazima amwamshe mwenzake. Adui mmoja wa kawaida akitokea gizani hahitaji kumuua mtu. Kumsukuma mtu humhamisha futi 5. Mpiganaji aliyesimama futi 15 akisukumwa mara moja yuko kwenye futi 10 kamili, na ana hadi mwisho wa zamu yake ya mapambano kurudi nyuma. Akiangushwa chini, kusimama kunakula nusu ya mwendo wake, yaani futi 15 kati ya 30, na bado zinamtosha kutoka. Akishikwa mwendo wake ni sifuri, na hapo wenzake watatu wana mzunguko mmoja tu wa kumng'oa mikononi mwa adui.

Jua likichomoza na moto ukiwa hai, pete inateleza yenyewe kidoleni na kufungamana kunakatika. Mchezaji aulizwe kama anaitaka tena, sasa ikiwa na ile kinga ya moto peke yake. Wengine huitia mfukoni. Wengine huirudisha kaburini kwa mwenyewe, na safari hiyo ya kurudi ipewe kikao chake.